SOMO LETU: BUNDUKI YA KUSHINDILIA HULENGWA KABLA YA KUINULIWA

Mji wa Siyu, ulio katika kisiwa cha Pate, ulisifika zamani kwa mambo mengi: kwa wanavyuoni wake, kwa waandishi walionakili Misahafu kwa mikono, kwa mafundi wa ngozi, na kwa wahunzi waliofua panga na majambia. Lakini jina lake lilivuma mpaka Maskati kwa jambo jingine, nalo ni vita. Mwezi wa Januari 1844 jeshi la Sayyid Said bin Sultan, lenye watu wapatao 2,000, lilishuka Faza chini ya Amiri Hamad bin Ahmad ili kuutiisha mji wa Siyu na kiongozi wake, Bwana Mataka. Jeshi hilo lilikuwa na bunduki na mizinga. Hata hivyo halikuuchukua mji. Liliviziwa njiani likarudishwa nyuma, na katika vita hivyo vya Siyu Amiri mwenyewe akauawa.

Msomaji wa leo aliyezoea habari za silaha zinazotoa risasi nyingi kwa dakika moja huenda akauliza: Yawezekanaje jeshi lenye bunduki kushindwa na watu wa mji mmoja? Sababu zake ni nyingi. Wenyeji walikuwa hodari, nao waliijua nchi yao; tena hori ya Siyu ina maji haba na mikoko mingi, hata vyombo vikubwa haviwezi kuukaribia mji. Lakini sababu mojawapo ilikuwa ndani ya bunduki zenyewe. Bunduki za siku hizo zilikuwa za kushindilia, na somo letu la juma hili ni juu yake: jinsi zilivyotiwa baruti na risasi, kwa nini zilikosa shabaha, na jinsi watu walivyojifunza kuzifanya zipate. Mwisho tutaeleza jambo linalohusu usalama wa kila nyumba yenye bunduki ya babu iliyotundikwa ukutani.

SEHEMU ZAKE NA MAJINA YAKE

Bunduki ya kushindilia haifunguki nyuma. Kila kitu huingizwa kwa mdomo wake: kwanza baruti, kisha risasi, na vyote husukumwa mpaka chini. Bomba la chuma huitwa kasiba, ingawa siku hizi wengi husema mtutu. Fimbo nyembamba ya kushindilia huitwa mdeki. Upande wa nyuma wa kasiba pana tundu dogo la kupitisha moto, na nje ya tundu hilo pana kifa, yaani mahali pa kuwekea baruti kidogo ya kuwashia, au fataki. Mkoba mdogo wa ngozi wa kuchukulia risasi huitwa beti.

Bunduki hizi ni za namna tatu, kwa jinsi zinavyowashwa. Ya kwanza ni bunduki ya mrao, ambayo huwashwa kwa utambi unaowaka polepole. Askari wa Kibulushi waliomtumikia Sultani wa Unguja walikuwa nazo hata baada ya mwaka 1850. Ya pili ni bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma likatoa cheche. Ya tatu ni bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka. Asili ya njia hii ya tatu ni Mchungaji Alexander Forsyth wa Scotland, aliyeiandikisha serikalini mwaka 1807 kwa kuwa bata aliowawinda waliona cheche za gumegume wakaruka kabla risasi haijatoka. Huko Tanzania bunduki za kushindilia zilizofuliwa na wahunzi wa vijijini huitwa magobore.

KWA NINI RISASI HUPOTEA NJIA

Bunduki nyingi za zamani zilikuwa na kasiba laini ndani, na risasi yake ilikuwa mviringo kama gololi. Bunduki ya askari wa Kiingereza wa siku hizo ilikuwa na tundu la upana wa inchi 0.75, lakini risasi yake ilikuwa na upana wa karibu inchi 0.69 tu. Risasi ilifanywa ndogo kwa makusudi, ili iweze kuteremka upesi hata kasiba ikiwa imejaa masizi. Lakini nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyoleta hasara. Baruti ilipowaka, risasi ilikwenda ikigonga ukuta huu na ukuta huu, kama punje ya mahindi inayotikiswa ndani ya mwanzi, na mgongo wa mwisho ilioupata karibu na mdomo ndio ulioamua iende wapi.

Tena risasi iliyogongwa upande hutoka ikizunguka, na kitu kinachozunguka hewani hupinda njia yake. Aliyelithibitisha jambo hili ni Mwingereza Benjamin Robins, aliyetoa kitabu chake cha elimu ya mizinga mwaka 1742. Alitundika karatasi nyembamba moja nyuma ya nyingine ili aone njia ya risasi kwa matundu yake. Kisha akapinda mdomo wa bunduki upande wa kushoto. Mtu asiyejua angedhani risasi itazidi kwenda kushoto. Ilianza kwenda kushoto kweli, lakini baada ya mwendo ikageuka ikapindia kulia! Sababu ni kwamba ilipopita penye pindo ilijiviringisha katika ukuta wa kulia, ikatoka ikizunguka, na mzunguko huo ukaivuta.

Kwa hiyo hata mlenga shabaha hodari hakuweza kuiamini bunduki ya kasiba laini kwa mbali. Kanali George Hanger wa Uingereza aliandika mwaka 1814 kwamba bunduki ya kawaida ya askari yaweza kumpata mtu kwa yadi 80, labda hata 100. Lakini atakayejeruhiwa kwa yadi 150 na mtu aliyemlenga yeye hasa ni mtu mwenye bahati mbaya sana.

MIFUO NA KITAMBAA

Dawa ya maradhi haya ilijulikana Ulaya tangu karne ya 16, nayo ni mifuo. Mifuo ni mifereji midogo iliyochongwa ndani ya kasiba, ikizunguka polepole kama hesi ya parafujo. Risasi ikishikwa na mifuo hutoka ikizunguka kama pia ya watoto, nayo pia ikizunguka vizuri husimama imara. Mzunguko wa ovyo huipotosha risasi. Mzunguko uliopangwa huiongoza.

Lakini risasi yapaswa kushikwa barabara. Njia ya kale ni kuifunika kwa kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, pamba au kitani, kisha kuvishindilia vyote pamoja. Kitambaa hufanya kazi nne: huziba nafasi ili moto usivuje, hushika mifuo na kuizungusha risasi, huizuia risasi isisogee kutoka kwenye baruti, na hupangusa masizi ya mlio uliotangulia. Kikiwa chembamba mno, huungua na risasi hulegea. Kikiwa kinene mno, risasi hupigwa kwa nguvu mpaka umbo lake likaharibika. Walenga shabaha wazoefu huviokota vitambaa vyao vilivyoanguka mbele ya bunduki na kuvitazama. Kitambaa kizima chenye alama sawa za mifuo ni habari njema. Kilichochanika au kuungua ni shauri kwamba unene, mafuta au kiasi cha baruti hakikufaa.

TUNDU KUBWA NA RISASI NZITO

Bunduki kubwa za kuwindia ndovu zilihesabiwa kwa ratili. Kama risasi nne za mviringo zenye upana wa tundu zilitimiza ratili moja, bunduki iliitwa ya nne; kama zilihitajika nane, iliitwa ya nane; na kadhalika. Basi kadiri hesabu inavyopungua, ndivyo bunduki inavyokuwa kubwa. Risasi ya bunduki ya nne ilikuwa na uzito wa wakia nne, yaani kama gramu 113, na upana wa zaidi ya inchi moja. Risasi ya bunduki ya kumi na mbili ilikuwa kama gramu 38.

Kwa nini wawindaji walitaka tundu kubwa hivyo? Kwa sababu baruti nyeusi haiwezi kuipa risasi mbio kubwa kama baruti za siku hizi, na gololi ya risasi hupoteza mbio yake upesi hewani. Kilichobaki ni kuongeza uzito. Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki moja iliyotupa kombora la nusu ratili. Waarabu aliofuatana nao waliipa jina lenye maana ya mtoto wa mzinga. Baker, aliyekuwa mtu wa miraba minne, alikiri kwamba ilimzungusha kama kishada penye upepo, naye aliogopa kuipiga.

Hapo msomaji ataona kwamba ukubwa peke yake hauleti shabaha. Bunduki inayopiga teke kali humfundisha mwenyewe kufumba macho na kukaza bega kabla ya mlio, na mkono ukishtuka shabaha imekwisha potea. Tena baruti nyingi ina hatari nyingine: mifuo ikizunguka kwa haraka na baruti ikiwa nyingi, kitambaa na risasi hushindwa kuifuata, huiruka, na kutoka bila mzunguko wowote. Afisa mmoja wa jeshi la India, James Forsyth, ambaye si yule mchungaji wa fataki, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1863. Alishauri mifuo ya risasi za mviringo izunguke polepole sana: mara moja tu katika inchi 104. Kasiba ya bunduki za uwindaji ilikuwa fupi kuliko theluthi moja ya urefu huo, kwa hiyo risasi haikutimiza hata theluthi ya mzunguko mmoja kabla ya kutoka. Hata hivyo hiyo yatosha.

HATUA ZA KUSHINDILIA

Ziko nchi, kama Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako vyama vya walenga shabaha bado hutumia bunduki za kushindilia, katika viwanja maalumu, kwa kufuata sheria, na kwa bunduki zilizokaguliwa na fundi. Utaratibu wao ni huu:

1. Kukausha kasiba. Mafuta yaliyopakwa kwa ajili ya kuzuia kutu hufutwa yote, kwa maana mafuta yakichanganyika na baruti, bunduki haitalia au italia kwa kuchelewa.

2. Kupima baruti. Hawakadirii kwa macho wala kwa kiganja. Hutumia kipimo kile kile na kukijaza kwa namna ile ile kila mara. Tena hawamimini kutoka katika pembe ya baruti moja kwa moja ndani ya kasiba, bali kutoka katika kipimo kidogo. Cheche iliyobaki ndani yaweza kurudi na kulipua pembe nzima mkononi.

3. Kuweka kitambaa na risasi. Risasi huwa na kovu dogo mahali ilipokatwa kutoka katika kalibu. Kovu hilo huelekezwa juu, katikati, kila mara, ili uzito usiegemee upande.

4. Kushindilia mpaka chini. Risasi yapasa kukaa juu ya baruti bila nafasi kati yake. Risasi iliyoishia njiani huweza kuifanya kasiba ivimbe au ipasuke. Mdeki husukumwa kwa nguvu ile ile kila mara, wala haupigwi-pigwi, kwa sababu risasi ni laini na hubonyea.

5. Kutazama alama. Mdeki huwa na alama mbili: moja ya bunduki tupu, na moja ya bunduki iliyoshindiliwa sawasawa. Alama hizo hueleza kila kitu kilichomo ndani bila kukisia.

6. Kuweka fataki au baruti ya kifa mwisho kabisa, bunduki ikiwa imeelekezwa penye shabaha. Ikikataa kulia, haigeuzwi wala haichunguliwi. Hushikwa vile vile kwa muda wa dakika nzima au zaidi, maana moto waweza kuwa unatambaa ndani.

Faida ya hatua ya tano huonekana katika habari za Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na mto Rufiji, mwaka 1917. Alipokuwa kijana kusini mwa Afrika alitumia bunduki za nne za bei rahisi, zenye kasiba laini, akizitia baruti kwa kuiteka kwa mkono. Siku moja bunduki yake ilikataa kulia; mchukuzi wake, kwa kutojua, akaishindilia mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Selous alipoipiga aliinuliwa akatupwa chini, kitako kikavunjika, na shavu likachanika. Aliandika baadaye kwamba mateke ya bunduki zile yaliidhoofisha shabaha yake kwa muda mrefu. Alama moja ya kisu juu ya mdeki ingalimwepusha na balaa la siku ile.

MASIZI NA MAFUTA

Baruti nyeusi ikiwaka haigeuki yote kuwa moshi. Noble na Abel wa Uingereza walipima jambo hili na kutangaza mwaka 1875 kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa takataka ngumu. Sehemu yake hutoka na moshi, na sehemu hushikamana na kasiba. Kwa hiyo mlio wa tano hautoki katika kasiba ile ile iliyotoa mlio wa kwanza: tundu limekwisha kuwa jembamba na lenye kukwaruza. Anayetaka risasi zake ziende mahali pamoja hupangusa kasiba baada ya kila mlio kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Pwani kuna jambo la kuzidi: masizi hayo hunywa unyevu wa hewa, na katika hewa ya chumvi kama ya Siyu, bunduki isiyooshwa kwa maji na kupakwa mafuta siku ile ile huanza kuliwa na kutu upesi sana.

Mafuta juu ya kitambaa au risasi hulainisha masizi. Wengine walitumia nta ya nyuki, wengine mafuta ya wanyama. Jambo hili dogo liliwahi kutikisa dola. Bunduki ya Kiingereza ya Enfield ya mwaka 1853 ilitumia karatasi yenye baruti na risasi iliyopakwa mafuta, na askari aliamriwa kuikata karatasi kwa meno. Huko India habari zilienea kwamba mafuta hayo ni ya nguruwe na ya ng'ombe, la kwanza haramu kwa Waislamu na la pili makufuru kwa Wahindu. Wakubwa wa jeshi walipokubali kubadili amri, imani ilikuwa imekwisha vunjika. Kulikuwa na manung'uniko mengine mengi na mazito, lakini mafuta ya risasi yalikuwa cheche ya maasi makubwa ya mwaka 1857.

KUBADILI JAMBO MOJA TU

Jinsi gani basi mtu hugundua kiasi kinachoifaa bunduki yake? Kwa kujaribu kwa utaratibu. Huilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili mkono usiwe na lawama, akapiga mara kadhaa katika karatasi moja, na kupima matundu yalivyoachana. Kisha hubadili jambo moja tu: ama kiasi cha baruti, ama unene wa kitambaa, ama mafuta. Akibadili mambo mawili pamoja na matundu yakakaribiana, hatajua ashukuru lipi. Mara nyingi huona kwamba kiasi kinachopiga vizuri si kile kikubwa kuliko vyote.

Mfano wa uwezo wa bunduki ya kushindilia iliyotengenezwa kwa uangalifu ulionekana Wimbledon, Uingereza, mwaka 1860. Joseph Whitworth, fundi mashuhuri wa vipimo, alikuwa ametengeneza bunduki yenye tundu la pembe sita na risasi ndefu iliyolingana nalo. Bunduki iliwekwa juu ya kitegemeo, Malkia Victoria akavuta uzi wa hariri, na risasi ikapiga umbali wa yadi 400, chini ya inchi mbili kutoka katikati ya shabaha. Linganisha na yadi 80 za Kanali Hanger! Zote mbili zilishindiliwa kwa mdomo. Tofauti ilikuwa vipimo.

TURUDI SIYU

Sasa tuitazame tena vita ya mwaka 1844. Askari aliyezoezwa vizuri sana, mwenye bunduki ya gumegume na karatasi za baruti zilizokwisha kupimwa, aliweza kutoa milio mitatu kwa dakika. Mwenye bunduki ya mrao, anayepaswa kuulinda utambi wake usizimike na usiiguse baruti yake, alikuwa mzito zaidi. Tuseme alihitaji nusu dakika au zaidi kati ya mlio na mlio. Katika nusu dakika mtu mwepesi hukimbia yadi 150 na kupita. Basi aliyejificha kichakani, hatua hamsini kutoka njiani, alikuwa na nafasi ya kufika kabla adui hajautoa mdeki wake kasibani. Penye uwanja wazi, mistari ya askari hupeana zamu, hawa wakipiga na wale wakishindilia. Penye njia nyembamba ya msituni hakuna mistari wala zamu. Huko bunduki ya kushindilia ina mlio mmoja tu. Baada ya huo ni fimbo ndefu.

Si kwamba bunduki zilikuwa haba pwani. Mapatano ya biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ya mwaka 1833 yalitaja bunduki, baruti na risasi kwa majina yake: kisiwani Unguja viuzwe kwa serikali peke yake, lakini katika bandari nyingine za Sultani viuzwe kwa yeyote. Hata Siyu ilipotiishwa katika zama za Sayyid Majid, miaka ya 1860, bunduki za kushindilia zilikuwa zingali silaha ya kawaida ya pande zote. Kisha, katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za mifuo zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu bunduki za gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Mkataba huo ulihusu kukomesha biashara ya watumwa; lakini msomaji wa somo hili aona pia maana yake ya pili. Mwafrika aliachiwa bunduki ya yadi 80, na mkoloni akabaki na ile ya yadi 400 na zaidi.

BUNDUKI YA UKUTANI

Sasa tuje katika jambo tuliloahidi. Katika nyumba nyingi za zamani za pwani na bara zimo bunduki za kushindilia zilizorithiwa, nyingine zimetundikwa kama pambo. Watoto huzichezea, na vijana huvuta mtambo kwa mzaha. Jihadharini! Zamani ilikuwa desturi ya watu wengi kuiacha bunduki imeshindiliwa tayari, kwa hofu ya mwizi au mnyama. Baruti nyeusi iliyozibwa vizuri haiharibiki kwa miaka. Mwaka 2013, katika bustani ya Central Park mjini New York, wafanyakazi waliokuwa wakisafisha mzinga wa karne ya 18 waliukuta una risasi na baruti ndani, na baruti hiyo bado yaweza kuwaka. Watu walikuwa wamepita karibu yake miaka na miaka.

Watunzaji wa makumbusho huchunguza kwa njia ya alama za mdeki. Hupima kwa ufito wa mti urefu wa kasiba kwa nje, kutoka mdomoni mpaka penye tundu la moto, kisha huuteremsha ufito ndani polepole, mwili na uso vikiwa kando ya mdomo. Ufito ukiishia pungufu kwa vidole vitatu au vinne, huihesabu bunduki hiyo kuwa imeshindiliwa. Kazi hii tumeieleza ili ifahamike, si ili ifanywe nyumbani. Bunduki iliyokaa miaka mia yaweza kuwa na kutu iliyoila kasiba kwa ndani, hata ikionekana nzima kwa nje. Ikilia hupasuka usoni pa aliyeishika. Wala isitiwe moto ili kulegeza kutu, wala isitobolewe, wala isipigwe nyundo.

Lifaalo ni hili. Iacheni mahali ilipo, mdomo ukielekea pasipo watu, na watoto wawekwe mbali. Kisha pelekeni habari kwa polisi au kwa mzee wa mtaa, mtu mwenye ujuzi aje aitazame hapo hapo ilipo. Kumbukeni pia kwamba sheria za Kenya na Tanzania zakataza mtu kukaa na silaha ya moto bila kibali, na uzee wa bunduki si udhuru mbele ya hakimu. Ikiwa ni kitu cha historia, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo huitunza Ngome ya Siyu na ile ya Lamu, yafaa kujulishwa. Bunduki yenye habari zake, yaani ilikuwa ya nani, ilinunuliwa wapi, ilipigwa katika vita gani, ni kitabu; bila habari zake ni chuma chakavu.

Basi, wasomaji, tumeona kwamba katika bunduki ya kushindilia shabaha haianzi penye jicho. Huanzia katika kipimo cha baruti, katika unene wa kitambaa, katika usafi wa kasiba na katika alama ya mdeki. Aliyefanya haya kwa haraka alikuwa amekwisha kosa kabla ya kulenga. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nao waliokuwa wakishindilia baruti waliijua maana yake kuliko sisi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini risasi ya Robins ilipinda kulia, hali mdomo wa bunduki ulipindwa kushoto?
2. Risasi ya bunduki ya nane ina uzito wa wakia ngapi? (Ratili moja ni wakia 16.)
3. Taja kazi nne za kitambaa.
4. Mtu hubadili kiasi cha baruti na unene wa kitambaa siku moja, na shabaha ikawa nzuri. Amejifunza nini, na hakujifunza nini?
5. Umeona bunduki ya zamani katika nyumba ya jirani. Utamwambia afanye nini, na asifanye nini?